Tulivyompeleka Mwalimu kuyaona makao makuu

Baba yangu kafundisha shule ya msingi miaka 36, kwanza vijijini huko Korogwe halafu Muheza mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo swali lake la kuamshia darasa lililosinzia lilikuwa moja tu: makao makuu ya nchi yetu ni wapi? Darasa zima, Dodomaaa! Mi mwenyewe nilikuwa kwenye hilo darasa (ndio, nimefundishwa na baba yangu mzazi, na ndio, nilichapwa kuliko wenzangu wote ili watu wasiseme anapendelea) na nakumbuka kuna mvulana aliwahi kunyoosha mkono akauliza, Mwalimu, sasa kama makao makuu ni Dodoma mbona Rais anakaa Dar? Baba akamwambia kaa chini, wanahama. Hiyo ni 1994 hivi.

Sasa nilichokuja kukijua juzijuzi, tena kwa bahati tu tukiwa tunapiga stori, ni kwamba baba hajawahi kulala Dodoma hata usiku mmoja. Amepita mara moja 1976 akiwa anaenda Tabora kusomea ualimu, treni ikasimama Dodoma saa nane usiku, akachungulia dirishani akaona taa mbili na kijana anauza mayai ya kuchemsha. Basi. Miaka 36 amefundisha taa mbili na mayai.

Nikasema hapana, huyu mzee lazima aende.

Ikawa mwezi wa sita, shule zimefungwa, na mama ana kawaida ya kuja Dar kila baada ya miezi mitatu kliniki ya presha, safari hii wakaja wote wawili. Nina watoto watatu, Mkubwa miaka 11, Wa Kati miaka 7 na Kadogo miaka 3, huyo wa mwisho ndio mwenye nyumba sisi wengine wapangaji. Baba watoto kazini hawakumpa likizo. Nikamchukua mdogo wangu wa kiume, mjomba wao, ambaye kwa sasa hana shughuli maalum, kazi yake kubeba mabegi. Watu saba. Nikakaa chini nikatengeneza ratiba kwenye simu, ina saa na dakika kabisa, saa tatu Nyerere Square, saa nne na nusu Bunge, saa sita mlima, nikaituma kwenye grupu la familia na watu wakaweka dole gumba. Ratiba ile ilikufa siku ya kwanza kabla ya saa sita mchana, Mungu ailaze pema.

Usafiri hatukubishana. Basi Dar Dodoma ni kama kilomita 450 na ukibahatika ni saa nane au tisa, kwa magoti ya mama haiwezekani, atafika amekuwa mti. Tukakata SGR, ile reli mpya, treni ya kawaida, mtu mzima 31,000, watoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu yake 15,500, aliye chini ya miaka 4 bure. Kwahiyo watu wazima wanne na watoto wawili ikaja 155,000 kwenda, Kadogo akasafiri kama mheshimiwa bila kulipa senti. Kata mapema, sio siku mbili kabla kama nilivyofanya mimi, nikajikuta siti zimegawanyika, wanne huku watatu kule, ikabidi tuombe watu wabadilishane na sisi (Mungu awabariki wale vijana wawili wa chuo). Na vitambulisho jamani! Baba kaacha cha NIDA Muheza ndani ya Biblia, anasema pale ndio hakipotei, nikapata presha mpaka alipochomoa kadi ya mpiga kura kwenye mfuko wa shati.

Halafu mzigo wa mama. Begi moja kubwa la shangazi kaja limejaa hadi zipu inalia, nikamuuliza mama tunaenda siku tano hivi vyote vya nini, akasema we beba. Kuku ndio nilikataa. Alitaka kwenda na kuku mzima wa zawadi, eti hatuwezi kwenda ugenini mikono mitupu, na huko ugenini kwenyewe tunafikia gesti. Nikamwambia mama sasa huyo kuku tunampa nani, mhudumu wa mapokezi? Akanuna mpaka Pugu.

Treni yenyewe sitaielezea sana maana kila mtu kashaposti. Inatumia umeme, mwendo wake wa juu ni 160 kwa saa, mjomba mtu alikuwa anapima na simu anatangaza kama mtangazaji wa mpira, 148! 155! 159! na Wa Kati anapiga makofi. Mi nilikuwa namwangalia baba. Kapata siti ya dirishani na kwa muda mrefu sana hakuongea chochote, mpaka tulipoiacha Morogoro, milima ya Uluguru imeshabaki nyuma, ndio akaanza. Akawaonyesha watoto reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, kila ilipojitokeza. Ile waliianza Wajerumani 1905 pale Dar, Dodoma wakafika 1910, Kigoma 1914, yaani miaka tisa kwa majembe na migongo ya watu. Na sisi, Mkubwa akauliza, tutafika Dodoma saa ngapi? Baba akaangalia saa akasema kabla hujamaliza hizo karanga.

Kilosa kuna mahandaki manne, ukiyajumlisha ni kama kilomita 2.6. Kuingia la kwanza giza likatupiga, Kadogo akapiga yowe, na mama naye akapiga yowe, wakashikana. La pili wakapiga tena yowe lakini sasa hivi kwa raha zao. La tatu wakawa wanalisubiri.

Hapo ndio nikaanza kugundua kitu ambacho kwenye ratiba yangu sikukiweka. Mama yangu na mwanangu wa miaka 3 wanaishi kwenye saa moja. Wote wanataka chooni kila baada ya dakika arobaini. Wote wanakula kidogo kidogo lakini lazima wale saa ileile, mmoja kwa sababu ya dawa mwingine kwa sababu asipokula anageuka mnyama. Wote saa saba mchana wanalala, utake usitake. Wote hawapendi kuharakishwa, na ukiwaharakisha wanakaa chini kabisa. Mi nilikuwa naogopa nitawezaje kuwagawanya, wazee huku watoto kule, kumbe wale wako timu moja, mwenye mwendo tofauti ni mimi na simu yangu. Kuanzia siku ya pili nikaacha kupanga. Nikawa nauliza tu, Kadogo na Bibi wanasemaje?

Gesti sasa. Siitaji jina ila nimekasirika mpaka leo. Tulifika Jumatano tarehe 11 Juni, na mimi kwa akili zangu sikujua (au nilijua nikajisahaulisha) kwamba Alhamisi tarehe 12 ndio bajeti inasomwa. Wiki ya bajeti Dodoma imejaa hadi darini. Nilibuku vyumba vitatu, nikalipa advansi, kufika tunaambiwa dada samahani vimebaki vyumba viwili, kile kingine kuna mgeni kaongeza siku. Nikabwata. Yule dada wa mapokezi ananiangalia tu kwa upole kama muuguzi. Mwisho mama na mimi na wasichana chumba kimoja, baba na mjomba na Wa Kati chumba kingine, na asubuhi Wa Kati akatoa taarifa rasmi kwamba Babu anakoroma halafu anaacha halafu anaanza upya, yaani we ukidhani ameshamaliza.

Na baridi! Jamani watu wa Dar tuheshimu Dodoma mwezi wa sita. Mchana jua kali la ukame, vumbi na upepo, jioni jua likizama tu hali inabadilika na alfajiri unaamka meno yanagongana. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mi nimebeba madera na khanga. Mama hakusema kitu. Akafungua lile begi la zipu inayolia akatoa masweta, moja moja, ya kila mtoto, kayafuma mwenyewe. Nataka kusema yalikuwa mazuri ila ukweli ni kwamba aliyafuma kwa vipimo vya Krismasi ya mwaka juzi, Mkubwa mikono ikamwishia kwenye viwiko, Wa Kati kitovu nje. Waliyavaa siku zote tano. Picha zote tulizopiga Dodoma wanangu wanaonekana kama wamekua ghafla njiani.

Alhamisi tukaenda Nyerere Square, ni uwanja wa wazi katikati ya mji una sanamu ya Mwalimu, mwenzake baba, na watu wamekaa kwenye vivuli wanasubiria mambo yao. Baba akasimama mbele ya sanamu kidogo, akavua kofia, akavaa. Halafu akakaa na watoto akawahadithia jina la mji limetokea wapi. Ziko hadithi mbili. Ya kwanza ya tembo, alikuja kunywa maji akadidimia kwenye tope akashindwa kutoka, Wagogo wakasema idodomya, amezama. Ya pili ndio wanangu waliipenda kupita kiasi: Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja wakala, wakabakiza mikia, wakaichomeka kwenye tope la bwawani, wenyewe walipokuja kutafuta mifugo yao wakaambiwa poleni jamani, ng'ombe wenu wamezama, hata mikia ile pale inaonekana. Wa Kati alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo kitu kikipotea nyumbani, rimoti, kiatu, anasema kimedodoma.

Bunge tuliliona kwa nje. Hili ni kosa langu na nalisema ili wewe usilifanye, kuingia kusikiliza inawezekana lakini unapanga mapema, wengi wanapitia kwa mbunge wao au wanaandika barua, sio unatokea tu getini na babu na bibi na mtoto mwenye lolipopu, tena siku ya bajeti. Ulinzi ulikuwa mkali, magari mazito yanaingia, tukasimama upande wa pili wa barabara. Nikamwona baba anataka kulalamika nikajiandaa kwa hotuba ya nilikwambia, lakini hakulalamika. Akawaambia watoto Bunge linakaa Dodoma tangu 1996, na uamuzi wenyewe wa kuhamisha makao makuu ni wa chama cha TANU 1973, yeye ana miaka 19, walisikia kwenye redio ya jirani maana kwao hakukuwa na redio. Mkubwa akapiga hesabu. Babu, kwahiyo ulisubiri miaka 43 mpaka serikali ikahama? Maana shuleni kafundishwa kwamba Rais Magufuli alitangaza 2016 serikali yote ihamie. Baba akasema sikusubiri, nilifundisha. Akasema kama kitu cha kawaida tu, akaendelea kula machungwa.

Saa kumi jioni tukawa gesti, timu ya usingizi imeshaamka, TV ya mapokezi inaonyesha bajeti moja kwa moja. Trilioni 56.49. Baba akamwita Mkubwa akampa risiti ya chakula, andika hiyo namba nyuma hapo kwa tarakimu. Binti akaandika, akakosea sifuri, akafuta, akaandika tena, ikachukua robo saa nzima na wageni wengine pale mapokezi wakaingilia, mzee mmoja wa suti akawa anasema sifuri kumi na mbili mjukuu wangu, trilioni sifuri kumi na mbili. Likizo hiyo, mtoto anafanyishwa hesabu Dodoma. Lakini nyumba yote ya wageni ilikuwa kwenye ile risiti.

Ijumaa ndio siku yenyewe.

Tulikodi Noah nusu siku kwenda Mtumba, mji wa serikali, ni kama kilomita 17 kutoka mjini kwenye njia ya kurudi Dar. Kiukweli sikutegemea chochote, nilidhani watoto watachoka baada ya dakika kumi maana ni ofisi tu, hakuna bembea hakuna wanyama. Ni barabara pana za lami, majengo makubwa ya wizara yametawanyika, miti bado midogo, kimya, upepo. Mama akasema pasafi. Baba akamwomba dereva aende polepole, akashusha kioo, akaanza kusoma vibao. Wizara ya Afya. Wizara ya Maji. Anasoma kwa ile sauti yake ya darasani, sauti ambayo sijaisikia tangu nina miaka kumi na mbili, na mimi nyuma pale mgongo ukanyooka wenyewe. Wizara ya Nishati. Halafu Wa Kati, sijui kapatia wapi, akaitikia: ipo! Baba akageuka akamwangalia. Akaendelea. Wizara ya Ardhi? Ipooo, watoto wote watatu sasa. Wizara ya Elimu? Ipoooo! Dereva naye akaanza kuitikia, mjomba naye anaitikia, mama anacheka anapangusa macho na kona ya khanga, tukazunguka Mtumba nzima tunaita mahudhurio ya serikali. Zingine hatukuziona tulipopita na baba akasema kwa ukali kabisa, huyu mtoro, kesho aje na mzazi.

Mi nilikuwa nalia kidogo, nikasingizia vumbi, vumbi Dodoma linasaidia sana.

Chamwino kulipo na Ikulu hatukufika, saa saba ilikuwa imekaribia na Kadogo na mama walishaanza kuinamisha vichwa. Zamani ningelazimisha.

Jumamosi mnada wa Msalato, kaskazini mwa mji, kila Jumamosi. Hapa ndio mama alitulipizia kuku wake, akazunguka anashindania bei za vitu ambavyo hata hanunui. Mbuzi choma wa pale sina maneno, ugali, kachumbari, pilipili, watoto mikono hadi viwiko (viwiko vilikuwa wazi tayari). Na zabibu, Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, tukanunua nyingi kuliko uwezo wa tumbo. Mi siku zote kwenye watu wengi nawawekea watoto kikaratasi mfukoni chenye namba yangu ya simu, nina jicho moja kwa Kadogo, jingine kwa Wa Kati ambaye anafuata ng'ombe, nikajisifu kimoyomoyo nalea vizuri. Nikahesabu watu. Sita. Nikahesabu tena. Watoto wote wapo. Aliyepotea ni baba.

Dakika ishirini. Simu yake iko kwenye pochi ya mama. Mjomba kaenda upande wa mifugo, mi nimekaa na roho mkononi, mama anasema tu huyo amepata watu wa kuongea nao, miaka arobaini na tano namjua. Na kweli. Alikutwa amekaa kwenye benchi na wazee wa Kigogo wanne kwenye kivuli, ameshika fimbo ya mtu, wanamfundisha kusalimia. Kunionea mbali akaniita kwa sauti, mbukwenyi! Nikashindwa kumgombeza, unamgombezaje mzee mbele ya wazee wenzake, nikaishia kutoa shikamoo nne mfululizo. Jioni akaja chumbani kwetu akagonga mlango, akaniambia bila kunitazama usoni, na mimi naomba kikaratasi.

Nikamwandikia. Kakiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na kadi ya mpiga kura.

Gharama, kwa wanaouliza: ondoa nauli, kilichokula hela ni vyumba wiki ile ya bajeti na usafiri wa ndani, bajaji watu saba haziwezekani, ni mbili kila safari, bora Noah. Ukiweza kwenda wakati Bunge halikai, bei za vyumba zinapumua. Na nenda na dawa za wazee za ziada na sweta la saizi ya mwaka huu.

Jumapili tukarudi. Mama na Kadogo wamelala kabla ya Gulwe, vichwa vimegongana, mdomo wazi wote wawili. Mahandaki yamepita hakuna aliyepiga yowe. Karibu na Morogoro simu ya baba ikaita, mwalimu mwenzie wa Muheza, wamestaafu pamoja, na baba akiongea na simu behewa zima linasikiliza.

"Niko ndani ya treni. Natoka makao makuu. Ee, Dodoma." Akasikiliza kidogo. "Hapana, sikwenda kutembea. Nilikwenda kukagua."